Kampala kwa miguu, kilima hadi kilima

Mgeni wa Kampala hakawii kuambiwa kwamba mji huu umekaa juu ya vilima saba. Aitikie tu, asihesabu, maana mji umeshamwagika hadi kwenye vilima ambavyo hakuna anayejali idadi yake. Vya kumtoa mtu jasho ni vile vya upande wa magharibi, ambako Kampala yenyewe ilianzia: Old Kampala, Namirembe na Mengo, huku Rubaga ikivitazama kutoka ng'ambo ya bonde. Nusu siku inatosha. Hakuna haja ya basi la watalii wala mtu wa kukuongoza, isipokuwa mahali pawili ambapo hutaruhusiwa kuingia peke yako.

Kwa nini miguu na si bodaboda? Kwa sababu ukisoma habari za Buganda za mwishoni mwa karne ya 19 utadhani ni habari za nchi pana. Wakatoliki wako huku, Waprotestanti kule, Waislamu wamesukumwa pembeni, Mwingereza kajenga ngome yake, na Kabaka, mfalme wa Buganda, yuko katikati akipima upepo. Ukitembea ndipo unapogundua kwamba watu wote hawa walikuwa wakionana. Kutoka ngome hadi ikulu hakufiki kilomita 2. Aliyepiga ngoma Namirembe alisikika Rubaga. Ulikuwa ugomvi wa majirani, na kila anayeishi na majirani anajua ugomvi wa aina hiyo hufika wapi.

Anza Old Kampala, asubuhi, kabla jua halijakomaa. Kilima kiko karibu na stendi kongwe ya taksi (taksi, kwa Mganda, ni ile ile daladala ya Dar au matatu ya Nairobi), na huwezi kukikosa kwa sababu juu yake umesimama msikiti mkubwa kuliko yote nchini. Idi Amin ndiye aliyeuanzisha miaka ya 1970. Ujenzi ukakwama, gofu likakaa miaka mingi, hadi Muammar Gaddafi alipotoa fedha na kazi ikakamilika mwaka 2006. Jina rasmi sasa ni Msikiti wa Taifa wa Uganda, lakini mwambie bodaboda “kwa Gaddafi” atakufikisha bila swali la pili. Getini unalipa kiingilio na unapewa mtu wa kufuatana naye. Mwanamke asiyevaa hijabu huazimwa vitambaa vya kujifunika kichwa na kujitanda, na huvirudisha akitoka.

Panda mnara. Ngazi zinazunguka na kuzunguka, ukuta uko begani, na wenye magoti mabovu wafikirie mara mbili. Juu, madirisha yanakupa mji mzima kwa mzunguko. Kaskazini ni Makerere. Kaskazini magharibi ni Kasubi, waliko makabaka waliokufa. Mashariki, ng'ambo ya maghorofa, ni Kibuli na msikiti wake. Magharibi, karibu sana, kuba la Namirembe, kanisa la Waprotestanti. Kusini magharibi minara miwili ya Rubaga, kanisa la Wakatoliki, na kusini moja kwa moja, Mengo, lilipo Lubiri, yaani boma la Kabaka.

Sasa fikiria Desemba 1890. Kapteni Frederick Lugard, akiwa na askari wachache wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, anafika na kupiga kambi juu ya kilima hiki, akimtazama Kabaka Mwanga uso kwa uso. Hakungoja kuonyeshwa pa kukaa. Alikuwa na bombomu moja ya Maxim, kuukuu, iliyokwisha kuvuka bara na msafara wa mpelelezi Stanley. Mwaka 1892 Mkatoliki mmoja alimuua Mprotestanti, Kabaka akahukumu kwamba muuaji hana kosa, Lugard akadai atolewe. Tarehe 24 Januari vita vikalipuka. Lugard alikuwa ameshawagawia Waprotestanti bunduki, na bombomu ikafyatuliwa kuvuka bonde lile lile unaloliona hapo chini, leo limejaa mabati na nguo zilizoanikwa. Kanisa la Rubaga likachomwa, na Mwanga akakimbilia kisiwani katika Ziwa Viktoria. Vitabu huviita vita vya dini. Ukisimama hapa juu unaona pia kwamba vilikuwa vita vya nani akae juu ya kilima kipi, kwani baada ya hapo vyeo na ardhi viligawanywa kwa dhehebu, na dalili zake hazijafutika hadi leo.

Waislamu, ambao ndio waliotangulia, walipata kidogo. Wafanyabiashara wa pwani walikwisha kufika katika baraza la Kabaka Suuna II mwaka 1844, na mwanawe Mutesa wa Kwanza alifunga Ramadhani miaka kadhaa. Mmishonari wa kwanza hakutokea hadi 1877. Kwamba msikiti mkubwa wa nchi umekuja kukaa juu kabisa ya kilima cha Lugard ni jambo ambalo Lugard hangelitia akilini.

Teremka kuelekea magharibi. Bondeni, sehemu za Bakuli, mji unarudi kuwa mji: honi, vumbi, mahubiri ya kipaza sauti. Hapa ndipo pa kula roleksi, ambayo si saa ya mkononi. Muuzaji anavunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anakatia nyanya, kitunguu na kabichi, anapiga kwa kijiko, anamwaga juu ya kikaango cheusi, anafunika kwa chapati, anageuza, anaviringisha na kukuwekea kwenye karatasi. Kula ukiwa umesimama. Mlima wa Namirembe unakungoja, na ni mkali kuliko unavyoonekana.

Kanisa la Namirembe lina historia ya kushindwa ambayo mimi huipenda kuliko ya kushinda kwake. La miti na nyasi lilibomolewa na dhoruba mwaka 1894. Lililofuata mchwa walilila hadi likawa hatari kuingia. La matofali la mwaka 1904, lenye paa la nyasi, lilipigwa na radi mwaka 1910 likateketea. Hili la sasa, la matofali mekundu na kuba, lilianzwa mwaka 1915 na kuwekwa wakfu mwaka 1919, na safari hii paa likawa la vigae. Waumini huitwa kwa ngoma.

Makaburini nenda polepole. Yupo Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Mwanga kwa sababu alikuja kwa njia ya mashariki, njia ambayo Buganda iliamini adui angepitia. Yupo Alexander Mackay, fundi wa Kiskochi, aliyefia kusini mwa ziwa, upande ambao leo ni Tanzania, mwaka 1890, na mabaki yake yakaletwa hapa baadaye. Mackay na wenzake walianza kusomesha baraza la Mutesa kwa Kiswahili. Vitabu vya Injili walivyokuwa navyo vilikuwa vya Kiswahili, na baadhi ya watu wa ikulu walikuwa wameshakijua kutoka kwa wafanyabiashara. Kwa muda mfupi, kwenye vilima hivi, Kiswahili kilikuwa lugha ya kusoma. Kisha Luganda kikapata vitabu vyake, na Kiswahili kikabaki kambini. Waliokuwa wakubwa enzi za Amin wanakikumbuka kama lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Wewe salimia kwa Luganda, sema “ssebo” kwa mwanamume na “nnyabo” kwa mwanamke, kisha endelea na Kiswahili chako, utajibiwa vizuri tu, wakati mwingine kwa Kiingereza.

Kwenye mteremko wa kilima hiki hiki iko Hospitali ya Mengo. Daktari Albert Cook aliianzisha mwaka 1897 baada ya kutembea na msafara kutoka Mombasa. Anayelalamikia mlima wa Namirembe na alifikirie hilo.

Ukiteremka upande wa pili unafika Bulange, jengo la Bunge la Buganda, lenye mnara katikati na bustani iliyotunzwa. Baada ya shambulio la 1966, ambalo tutalikuta Lubiri, serikali ililichukua likawa makao ya wizara ya ulinzi, na halikurudi kwa Waganda hadi miaka ya 1990. Kutoka mlangoni pake barabara ya Kabaka Anjagala imenyooka kama kamba iliyovutwa, inashuka bondeni na kupanda tena hadi lango kuu la Lubiri. Mtu wa kawaida, iwe kwa gari au kwa miguu, akifika kwenye kipilefti kilicho njiani huzunguka. Kabaka hazunguki. Katikati ya kipilefti pana njia yenye geti, naye hupita moja kwa moja.

Kando ya barabara hii zimewekwa sanamu za miiko ya koo za Buganda, zaidi ya hamsini. Msomaji wa Bukoba atasimama kwa Nsenene, kwa kuwa senene ni yule yule anayemkaanga nyumbani mvua za Novemba zinapoanza. Tofauti ni kwamba mtu wa ukoo huu hamli. Wapo pia simba, kima, kondoo na kamongo. Utaratibu wa koo una werevu wa kisiasa ambao sijauona kwingine: mtoto wa kiume wa Kabaka huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Kwa hiyo hakuna ukoo mmoja wa wafalme, na kila ukoo wenye binti una sababu ya kuutunza ufalme.

Lubiri ni mahali pa pili utakapopewa mtu wa kukuongoza. Karibu na lango kuna moto ambao hauzimwi maadamu Kabaka yu hai. Ndani, jumba la Twekobe huliingii, unalitazama kwa nje. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yakiongozwa na Amin yalilishambulia boma hili. Kabaka Mutesa wa Pili, aliyekuwa pia rais wa kwanza wa nchi, alipigana saa kadhaa, mvua kubwa ikanyesha, akaruka ukuta, akaumia mgongo, na akaondoka kwa taksi iliyokuwa ikipita. Akapitia Kongo na Burundi hadi London, ambako alifariki mwaka 1969.

Boma likawa kambi ya jeshi. Nyuma, chini ya mteremko, kuna handaki la zege lililojengwa kwa ajili ya silaha na kugeuzwa jela enzi za Amin. Mwongozaji atakusimamisha mlangoni na kukuonyesha mfereji uliokuwa ukijazwa maji na kutiwa umeme, ili anayejaribu kutoka afie hapo. Vyumba viko juu ya njia, kama rafu, bila madirisha. Kutani kumebaki maandishi ya mkaa na alama za viganja. Pana popo na unyevu, na hakuna maelezo yoyote ya kuandikwa, jambo ambalo mimi naliona si sawa. Mahali kama hapa hapafai kuachiwa kumbukumbu ya mwongozaji wa zamu.

Malizia kwa ziwa la Kabaka, mwendo mfupi kutoka ukuta wa Lubiri kuelekea Ndeeba. Halikuumbwa na Mungu. Mwanga aliamuru lichimbwe kwa mikono miaka ya 1880, akitaka hatimaye mfereji uliunganishe na Ziwa Viktoria ili aweze kutoka ikuluni kwa mtumbwi. Machifu nao walilazimishwa kuingia matopeni na jembe, wakatozwa faini wakichelewa. Hasira hiyo ilichangia kumpindua mwaka 1888. Alirudi, akaasi tena dhidi ya Waingereza mwaka 1897, akakamatwa miaka miwili baadaye na kupelekwa Shelisheli, akafia huko mwaka 1903. Mfereji haukufika popote. Siku hizi ndege wa majini wamejaa ukingoni na vijana wanapiga picha za harusi.

Mwanga mwenyewe amezikwa Kasubi, pamoja na baba yake na makabaka wawili waliomfuata, ndani ya nyumba kubwa ya nyasi iliyoungua Machi 2010 na kujengwa upya kwa miaka mingi. Kasubi ipe siku yake. Ukiwa Ndeeba taksi za kurudi mjini hazikosekani, ila uliza nauli kabla ya kupanda, maana saa za jioni hupanda bila taarifa.