Kisu butu ni hatari: jifunze kuchagua kinoo

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Jikoni twaweza kuongeza kwamba mwenye kisu butu ndiye hujikata. Jambo hili huwashangaza wengi, kwani mtu hudhani kisu kikali ndicho cha kuogopwa. Lakini hebu fikiria, msomaji: kisu kisichokata hukulazimu kukikandamiza kwa nguvu. Kikiteleza juu ya ganda la nyanya au kitunguu, nguvu hiyo yote huishia kidoleni. Hatari huzidi kwa wale wanaokatia sukuma wiki mkononi bila ubao, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi.

Hivyo basi, kinoo ni kifaa cha usalama kama kilivyo kifuniko cha sufuria. Je, anayeanza anunue kipi?

Si kila jiwe hunoa

Ukisafiri kutoka Kisii kuelekea Migori utapita Suneka. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Tabaka, ambako huchimbwa lile jiwe maarufu la Kisii linalochongwa vinyago, sahani na vikombe. Usidanganyike kuwa kipande cha jiwe hilo kitakufaa kwa kunoa. Wataalamu wa madini hupima ugumu kwa kipimo cha 1 hadi 10, almasi ikiwa 10. Jiwe la Kisii ni laini sana katika kipimo hicho, ilhali chuma cha kisu huwa takriban 5 au 6. Ndiyo maana wachongaji hulikata kwa panga na visu. Jiwe linalokatwa na kisu haliwezi kukinoa.

Sakafu ya saruji na ukingo wa ngazi navyo si vizuri. Huacha makali yakiwa na mapengo, na baada ya siku chache kisu huwa butu tena.

Namba zina maana gani?

Vinoo vya kununua huwa na chembe ngumu kuliko chuma. Vingi huandikwa namba. Namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa na jiwe hukwaruza sana; namba ikiwa kubwa, chembe ni laini. Kati ya 200 na 400 ni kwa kisu kilichopasuka makali au kilichokaa miaka bila kunolewa. Kwenye 1000 ndipo kazi ya kawaida ya jikoni hufanyika. Kuanzia 3000 kwenda juu ni kwa kung'arisha makali.

Anayeanza hahitaji mawe matano. Jiwe moja lenye pande mbili, upande mmoja wa karibu 400 na mwingine wa 1000, latosha. Likikosa namba, kama yalivyo mengi katika maduka ya vifaa vya ujenzi, pitisha kidole: upande mmoja uwe kama mchanga, wa pili uwe laini zaidi. Chagua lililonyooka, lisilo na ufa, na lenye urefu wa sentimita 15 au zaidi.

Namna ya kunoa

Weka jiwe juu ya kitambaa kibichi ili lisiteleze, kisha lilowanishe kwa maji. Usitumie mafuta ya kupikia, kwani huganda na kunata. Kupata mwinamo unaofaa, kunja pembe ya karatasi katikati, kisha uikunje tena. Inamisha kisu kiasi hicho au pungufu kidogo. Vuta makali yote juu ya jiwe polepole hadi uhisi upande wa pili ukingo mwembamba unaokwaruza. Geuza, ufanye vivyo hivyo. Maliza kwa upande laini. Papasa makali kwa kukatiza, kamwe usifuatishe urefu wake. Mwishowe, osha kisu kwa sabuni, kwani tope linalobaki ni unga wa jiwe na chuma.

Linda mapafu na macho

Maji hayo yana faida nyingine, nayo ni kuzuia vumbi. Mjini Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19, wanoaji wengi waliotumia magurudumu makavu ya mawe walikufa wangali vijana kwa ugonjwa wa mapafu. Ukimpelekea kisu fundi wa gurudumu sokoni, simama mbali na cheche, na usimruhusu mtoto kukaribia.

Ukijikata

Osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha ulibane kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia. Usitie udongo, majivu wala mafuta ya taa. Nenda hospitali iwapo damu haikomi, jeraha ni la kina, au kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa ikiwa kisu kilikuwa kichafu.

Kisu kilichonolewa kiwekwe mbali na watoto, na aliyezoea kisu butu aambiwe kwamba makali yamerudi kabla hajakishika.