Mnasihi na Siri Zake

Miongoni mwa masuala yanayowatatiza wale waliojitolea kutibu nafsi za wanadamu kwa mazungumzo, limo hili la kale na lisilokwisha: je, mnasihi amweleze mteja habari zake mwenyewe, maradhi aliyougua, talaka iliyomfika, mtoto aliyemzika, au ayaache maisha yake nje ya mlango? Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, aliwausia wenzake mwaka 1912 wawe kama kioo, wasimwonyeshe mgonjwa ila kile alichokileta mwenyewe. Na hoja yake ilikuwa na uzito, kwani mgonjwa asiyemjua tabibu wake humvika sura ya baba au ya mama, na kwa sura hiyo hudhihirika yaliyofichika moyoni.

Lakini usia huo, ukiletwa Kampala, hukuta desturi nyingine. Hapa aghalabu jina la Kiganda humfahamisha msikilizaji ukoo wa mwenyewe, na jina la ubatizo au la Kiislamu humfahamisha dini yake; tena mteja, baada ya salamu ndefu, huona ni adabu kumwuliza mnasihi kwao ni wapi na watoto wake ni wangapi, na anayekataa kujibu hudhaniwa ana kiburi. Kabla ya kuwapo wanasihi wa vyuoni, msichana wa Kiganda aliusiwa na ssenga wake, yaani shangazi, kama wa pwani alivyofundwa na kungwi. Na ilimu ya wanawake hao kwa sehemu kubwa ilitokana na maisha waliyoyaishi.

Ushahidi mkubwa mintarafu ya jambo hili ulipatikana mjini humu wakati wa msiba. Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo, alifiwa na mumewe Christopher kwa UKIMWI mwanzoni mwa mwaka 1987. Na mwaka huo huo, pamoja na wenzake, baadhi yao wakiwa na virusi na wengine wakiwa wameuguza jamaa zao, akaanzisha TASO, shirika la kuwahudumia wenye UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi hazikuwafikia wananchi, na fedheha ilikuwa kubwa hata wagonjwa wakatengwa na ndugu zao. Katika hali hiyo, mnasihi aliyeweza kusema, "Mimi nami ninavyo, na leo nimekuja kazini," alimpa mteja dalili ambayo haikupatikana kitabuni: kwamba kuishi kwawezekana.

Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya naye alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, akawahutubia watu mashuleni na makanisani, hata akafariki mwezi wa Desemba. Lakini tusichanganye mambo mawili. Anayeuhutubia umati huacha kila msikilizaji achukue linalomfaa. Mnasihi chumbani anaye msikilizaji mmoja, aliyekuja na dhiki yake, asiyeweza kuondoka pasipo kuonekana amekosa staha. Mtu huyo akisimuliwa huzuni ya mnasihi, hususan huzuni ambayo haijapoa, huanza kumpa pole, kisha kumficha yake asije akamwongezea, na hapo aliyekuja kuhudumiwa hugeuka mhudumu. Tena mnasihi amefungwa na ahadi ya kutunza siri, ilhali mteja hakufungwa. Na katika mji ambao wawili hao watakutana harusini, msibani au kwenye kituo cha teksi, neno lililotoka halina mlinzi.

Basi mnasihi mwenye busara huuliza kwanza neno lake litamfaa nani. Mama akimwuliza, "Wewe una watoto?" huenda anauliza kama ataeleweka, na yatosha kumjibu kwa ufupi, kwa ukweli, kisha kumrudishia nafasi yake: "Ninao, mama, niambie wa kwako wanakutia wasiwasi gani." Wa TASO walisema kwa sababu mteja alikosa ushahidi, nao ndio waliokuwa ushahidi wenyewe. Pasipo upungufu wa namna hiyo, kusema sana ni kujihudumia kwa wakati wa mwenzio. Na jambo ambalo mnasihi hajajua litamfaa mteja kwa lipi, na alipeleke kwa msimamizi wake wa kazi, ambaye kulisikiliza ni wajibu wake.