Je, Wajua? Ini husinyaa hata kwa asiyeonja ulanzi

Matamba, kama kwingine mkoani Njombe, ni rahisi kumdhania mlevi mtu aliyejaa maji tumboni na macho kuwa manjano. Ni kweli, pombe nyingi kwa miaka mingi, ulanzi ukiwamo, huua seli za ini na kuacha makovu yanayolifanya gumu. Lakini virusi vya homa ya ini B na C huleta makovu yaleyale, kimyakimya, kwa mtu asiyegusa kilevi. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa virusi vya B wakati wa kuzaliwa, takriban 9 hubaki navyo. Mtu mzima aghalabu huvishinda.

Itasemwa kuwa watoto huchanjwa. Naam, tangu 2002, lakini wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo hiyo. Tena virusi vya B hupita njia zilezile za VVU, na utafiti wa 2022/23 ulikuta Njombe ina kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa yote ya Tanzania. Kumhukumu mgonjwa kwa ulevi humcheleweshea kipimo cha damu, ilhali dawa ya tenofovir huvidhibiti virusi vya B kabla makovu hayajaenea. Naye mnywaji mwenye virusi hivyo ini lake huharibika upesi zaidi. Kwake kuacha pombe ni sehemu ya tiba.