Kompyuta za mtumba: Ufunguo unaouziwa huenda tayari uko ndani ya mashine yako

Anayenunua kompyuta mpakato ya mtumba Kisugu, mjini Kampala, hukagua kwanza betri, kioo na ukubwa wa diski. Leseni ya mfumo endeshi haionekani kwa macho, hivyo wachache huiulizia. Lakini ndiyo humrudisha mnunuzi kwa fundi miezi michache baadaye, pale maandishi hafifu yanapojitokeza kwenye kona ya chini ya skrini yakimtaka aamilishe Windows. Fundi humwambia anunue ufunguo. Mara nyingi hahitaji kununua chochote.

Kisugu iko katika tarafa ya Makindye, ikipakana na Muyenga, Kabalagala na Namuwongo. Si mbali na hapo, huko Kansanga, kuna Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, chenye wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania na kwingineko. Kwa mwanafunzi aliye katikati ya tasnifu, au kwa mkimbizi kutoka Kongo anayejipatia riziki kwa kuwachapia watu barua, kulipia mara ya pili kitu alichokwisha kukinunua si hasara ndogo.

Haki, ufunguo na uamilishaji

Mambo haya matatu huchanganywa sana. Leseni ni ruhusa ya kuitumia programu, wala si umiliki wa programu yenyewe. Mkaazi wa Buganda ataelewa haraka akifikiria kibanja: mtu ana haki ya kuishi na kulima, ilhali ardhi ina mwenyewe. Ufunguo wa leseni, wenye herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano, ni kama risiti ya busuulu: ni ushahidi wa haki, si haki yenyewe. Uamilishaji ni kitendo cha kuupeleka ushahidi huo kwa mtengenezaji ili authibitishe. Microsoft ilianza kuwadai watumiaji wa nyumbani uthibitisho huo ilipotoa Windows XP mwaka 2001.

Enzi hizo, na hadi wakati wa Windows 7, ufunguo ulichapishwa kwenye kibandiko kilichogandishwa chini ya kompyuta. Ulifutika kwa jasho na msuguano, na yeyote mwenye kalamu aliweza kuunakili. Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, utaratibu ulibadilika. Kiwanda sasa huuandika ufunguo katika kumbukumbu ndogo ya kudumu iliyo kwenye ubao mama, yaani ile sahani ya saketi inayobeba vipuri vikuu vya ndani. Kibandiko kikibaki, hakina namba. Ndiyo maana mnunuzi anayekitazama na kukikuta hakina namba hupaswi kudhani kwamba ameuziwa bandia.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Diski ikifutwa, ufunguo haufutiki. Diski ikifa na kubadilishwa, ufunguo ungalipo. Windows inaposakinishwa upya, huusoma ufunguo huo yenyewe, huchagua toleo linalolingana nao, na kompyuta ikiunganishwa na intaneti hujiamilisha bila kumwuliza mtu neno. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, seva za Microsoft pia huweka kumbukumbu ya mashine iliyokwisha kuamilishwa, hata kama mwenyewe hana namba yoyote mkononi.

Kwa nini basi maandishi yanajitokeza?

Jibu limo katika safari ya mashine hizi. Kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa mali ya ofisi za Ulaya na Marekani. Zilipotoka kiwandani zilikuwa na leseni yake, kwa kawaida ya toleo la Pro. Ofisi zilizonunua zikaweka juu yake toleo la Enterprise, kwa leseni ya jumla inayohusu taasisi nzima. Leseni hiyo ya jumla ni ya taasisi na hubaki huko kompyuta inapouzwa. Ile ya kiwandani husafiri na mashine hadi Kampala.

Katika mojawapo ya mifumo ya leseni za jumla, unaoitwa KMS, kompyuta ya ofisi huamilishwa na seva ya ofisi hiyo, na uamilishaji hudumu siku 180 tu, ukihuishwa kila mara kompyuta inapoifikia seva. Baadhi ya wauzaji na mafundi hutumia programu zinazoiga seva hiyo. Mnunuzi huiona Windows ikifanya kazi vizuri dukani, hulipa na kuondoka. Programu ya kuiga ikizimwa au ikifutwa na kinga ya kompyuta, hakuna tena wa kuuhuisha uamilishaji. Muda unapokwisha, maandishi yanatokea. Leseni halali nayo imelala ndani ya mashine hiyohiyo wakati wote, imefunikwa na toleo ambalo haliihusu.

Hatari kubwa haiko kwenye maandishi hayo. Programu hizi za kuamilisha kwa hila humtaka mtumiaji azime kwanza kinga dhidi ya virusi, na ombi hilo peke yake lingetosha kumtia mtu shaka. Mwezi Desemba 2021, kampuni ya usalama wa mitandao ya Red Canary ilieleza jinsi programu hasidi iitwayo Cryptbot ilivyosambazwa ndani ya kisakinishi bandia cha KMSPico, mojawapo ya programu mashuhuri za aina hiyo. Cryptbot huiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Anayetumia kompyuta hiyohiyo kufungua barua pepe au akaunti ya benki ana cha kupoteza kuliko bei ya Windows. Kisheria pia, programu za kompyuta zinalindwa nchini Uganda na Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006.

Jinsi ya kukagua kabla ya kulipa

Ukaguzi huchukua dakika mbili na hauhitaji utaalamu. Mnunuzi afungue dirisha la amri la Windows, aandike slmgr /dli, kisha abonyeze kitufe cha kuingiza. Katika maelezo yatakayotokea, neno OEM_DM lina maana ya ufunguo uliotoka kiwandani. RETAIL ni leseni iliyonunuliwa peke yake. VOLUME ni ya taasisi, na likiambatana na KMSCLIENT basi ni ule mfumo wa siku 180. Amri nyingine, slmgr /xpr, hueleza iwapo uamilishaji ni wa kudumu au una tarehe ya mwisho. Kompyuta iliyo dukani Kisugu ikionyesha tarehe ya mwisho, muuzaji anastahili kuulizwa maswali.

Aliyekwisha kununua bado ana njia. Ahifadhi kwanza nyaraka zake mahali pengine, kwani diski itafutwa. Kisha atengeneze flashi ya usakinishaji, yenye nafasi ya angalau gigabaiti 8, kwa zana inayotolewa bure kwenye tovuti ya Microsoft. Gharama halisi ni bando la intaneti, na hilo si jambo dogo. Bora kulifanya chuoni au palipo na Wi-Fi. Ufunguo wa kiwandani ukiwa wa Windows 10 au 11, kazi huishia hapo. Mashine za zamani zaidi zina ugumu wake: Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba funguo za Windows 7 na 8 hazitatumika tena kuamilisha matoleo mapya. Na kwa kuwa huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, mnunuzi aulize pia kama mashine inaikubali Windows 11.

Ubao mama ukibadilishwa, hesabu inageuka. Leseni ya kiwandani imefungamana nao, na ubao uliotolewa kwenye mashine nyingine huja na ufunguo wake wenyewe. Kompyuta iliyokuwa na Pro ikipewa ubao wa mashine ya Home, itajiamilisha kama Home.

Office ina kanuni tofauti kabisa. Kompyuta mpya zinazouzwa na Office ndani yake huifungamanisha leseni hiyo na akaunti ya Microsoft ya mtu anayeiamilisha kwanza. Muuzaji akitumia akaunti yake ili “kumsaidia” mteja, leseni inabaki kwa muuzaji. Mteja asisitize kutumia anwani yake ya barua pepe, papo hapo kaunta, kabla sanduku halijafungwa.