Rubani Akizuiwa Kuruka

Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa shirika la Germanwings alijifungia peke yake kwenye chumba cha marubani na kuiangusha ndege makusudi katika milima ya Alps, Ufaransa. Watu wote 150 walikufa. Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa, iliyotoka mwaka uliofuata, ilieleza kwamba kijana yule alikuwa na maradhi ya akili na aliyaficha. Miongoni mwa mambo yaliyochangia ukimya wake, waliitaja hofu ya kupoteza haki ya kuruka, pamoja na kukosa bima mahususi ya kufidia kipato endapo angeonekana hafai kurusha ndege. Suala hili la bima halikuzungumzwa sana, nami naona lilistahili nafasi kubwa zaidi. Rubani mwenye uhakika kwamba akiugua kodi ya nyumba na ada za watoto zitalipwa, sababu yake ya kumficha daktari ukweli hupungua. Ndiyo maana naamini kumsaidia rubani kudai mafao ya ulemavu ni sehemu ya usalama wa abiria, sawa na ukaguzi wa injini.

California ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Ni majimbo machache tu ya Marekani yenye bima ya lazima inayomlipa mfanyakazi aliyeugua kwa muda. Rhode Island ilianza mwaka 1942, California ikafuata mwaka 1946. Fedha zenyewe hukatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi. Mwaka 2025 makato yalikuwa asilimia 1.2, na mafao yaliweza kufika dola 1,681 kwa wiki, kwa muda usiozidi wiki 52. Katika sheria hiyo mtu huhesabiwa mlemavu anaposhindwa kufanya kazi yake ya kawaida kwa sababu ya ugonjwa, jeraha au ujauzito, si lazima awe amelala kitandani. Maneno hayo, kazi yake ya kawaida, ndiyo yanayombeba rubani. Mtu aliyepata mshtuko wa moyo anaweza baada ya muda kutembea, kuendesha gari na kwenda sokoni, lakini kanuni za shirikisho zinamkataza kushika usukani wa ndege tangu anapojua ana hali ambayo ingemnyima cheti cha afya, hata kama tarehe ya mwisho ya cheti alichonacho haijafika. Kanuni za namna hii si za Marekani peke yake. Rubani wa abiria wa Nairobi au Dar es Salaam naye haruki bila cheti cha afya cha daraja la kwanza.

Katika kudai mafao hayo ya California ndipo msaada unapohitajika, kwa sababu anayeijaza sehemu ya kitabibu ya fomu ya dai ni daktari anayemtibu rubani, ambaye pengine hajawahi kusoma kanuni za anga. Huyo hupima kama mgonjwa anaweza kurudi kazini kwa namna anavyoijua kazi: kukaa, kuandika, kunyanyua mzigo. Akiandika tarehe ya kupona inayomfaa karani wa benki, malipo hukoma tarehe hiyo, ilhali dawa anayotumia rubani bado inamzuia kuruka. Anachohitaji daktari ni maelezo ya kazi yenyewe: saa nyingi angani, usiku na mchana kubadilishana, hewa yenye shinikizo dogo, maamuzi ya sekunde chache. Akishayajua hayo, aandike ukweli anaouona. Kuna na tarehe za kuchunga: dai lipelekwe kati ya siku ya 9 na ya 49 tangu ugonjwa ulipoanza, na siku saba za mwanzo hazina malipo. Halafu kuna suala la jimbo. Rubani anaweza kulala Nevada, akaanzia safari zake Los Angeles na kumaliza mwezi juu ya majimbo ishirini. Kwa kawaida kinachoangaliwa ni kituo chake cha kazi kuliko anwani ya nyumbani, na hati ya mshahara ndiyo itakayomwonyesha mapema kama amekuwa akikatwa makato ya California.

Wapo watakaosema marubani wanalipwa vizuri, wajitegemee. Lakini tangu Januari 2024 California imeondoa kikomo cha mshahara unaokatwa. Rubani wa dola 300,000 alichangia dola 3,600 mwaka 2025, huku mafao yake yakiwa na kikomo kilekile cha kila mtu. Anadai kilicho chake. Pingamizi zito zaidi ni la udanganyifu, na lina msingi: mwaka 2023 ilijulikana kwamba mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa ikiwachunguza karibu marubani 5,000 waliowahi kuwa wanajeshi, kwa shaka kwamba walipokea mafao ya ulemavu bila kuyataja kwenye fomu zao za afya. Mimi nalisoma tukio hilo kama hoja ya kutaka msaada uongezwe. Fomu ya cheti cha afya humuuliza rubani waziwazi kuhusu mafao ya ulemavu, hivyo anayemsaidia vizuri atahakikisha kinachoandikwa kwa jimbo na kinachoandikwa kwa mamlaka ya anga ni kitu kimoja.

Vyama vya marubani tayari vina madaktari washauri wa masuala ya cheti. Viwaongezee mtu anayeijua bima ya jimbo, na apigiwe simu kabla fomu haijatumwa. Dai likikataliwa, rubani ana siku 30 za kukata rufaa mbele ya hakimu wa bodi ya jimbo. Huko aende na barua ya daktari wake, maelezo ya kazi kutoka kwa mwajiri, na nakala ya kanuni inayomkataza kuruka, kwa kuwa hakimu naye huenda hajawahi kuiona.