Mwalimu, Kanuni Hii Itatufaa Nini?

Miaka mingi iliyopita, nikifundisha kemia katika shule moja ya upili, niliandika ubaoni kanuni ya William Henry, Mwingereza aliyeibainisha mwaka wa 1803: kadiri shinikizo la gesi juu ya maji linavyozidi, ndivyo gesi hiyo inavyozidi kuyeyuka ndani yake. Mwanafunzi mmoja akainua mkono. "Mwalimu, kanuni hii itatufaa nini?" Nikamjibu kwamba itamfaa katika mtihani. Darasa likacheka, naye akaketi. Jibu lile lanisuta hadi leo.

Laiti ningemsimulia habari za penisilini! Alexander Fleming aliigundua mjini London mwaka wa 1928, lakini kwa miaka mingi kuvu inayoizalisha ilikuzwa ikielea katika chupa na vyombo vya kina kifupi, na dawa ikapatikana kwa uchache mno. Ni wakati wa Vita Vikuu vya Pili ambapo Wamarekani walifaulu kuikuza ndani ya matangi makubwa, wakiilisha maji yaliyorowekewa mahindi viwandani. Chakula kilikuwa tele. Kilichokuwa adimu ni pumzi.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Sukari huyeyuka majini kwa mamia ya gramu katika kila lita. Oksijeni sivyo. Pwani, katika joto la nyuzi 25, lita moja ya maji yasiyo na chumvi hupokea kutoka hewani miligramu 8 hivi tu. Vijiumbe vikishamiri tangini huweza kuimaliza kwa sekunde chache. Ndiyo sababu hewa hupulizwa na mchanganyiko kukorogwa mchana na usiku. Nasi wa nyanda za juu tunaanza tukiwa nyuma. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu moja kwa tano. Katika joto lile lile, oksijeni majini hupungua vivyo hivyo.

Basi ubane mlango wa kutokea hewa, hata shinikizo ndani ya tangi liwe maradufu ya lile la nje. Oksijeni inayoweza kuyeyuka nayo itakuwa maradufu, pasipo kuongeza kasi ya mkorogo. Vijiumbe vilivyokuwa vikitweta vitapata pumzi, na mavuno huweza kuongezeka.

Je, tushindilie hewa bila kikomo? La hasha! Kizuri hakikosi ila. Kaboni dayoksaidi inayotolewa na vijiumbe vyenyewe hutii kanuni ile ile. Ikizidi majini huvidumaza. Oksijeni nayo ikipita kiasi huwa sumu. Isitoshe, tangi la kustahimili shinikizo kubwa huhitaji chuma kinene, na mashine ya kushindilia hewa hula umeme. Wala si kila kijiumbe kinachotaka oksijeni: bakteria wanaogandisha mursik kibuyuni hufanya kazi yao vyema bila hiyo. Mhandisi hana budi kumjua kwanza anayemlisha, kisha apime faida na gharama.

Walimu wenzangu, hatuhitaji tangi la chuma ili kulifundisha somo hili. Fungueni chupa ya soda mbele ya darasa, kisha waulizeni wanafunzi mapovu yale yalikuwa yamejificha wapi kabla ya kizibo kutoka. Kutoka hapo wapelekeni hadi kwenye penisilini.

Nchi yetu hununua ng'ambo sehemu kubwa ya dawa zake. Hatutazitengeneza kwa kanuni zilizokaririwa na kusahaulika siku ya pili baada ya mtihani. Huenda atakayeijenga mitambo hiyo yumo darasani mwako leo, mkono wake u juu. Nakusihi, usimjibu kama nilivyojibu mimi.