Ng'ombe, nafaka na stakabadhi: Mchango wa hiari humfikiaje askari?

STESHENI ya Kintinku, wilayani Manyoni, mkoani Singida, ipo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo treni inayotoka Dodoma hujiandaa kupanda kuelekea Saranda na Manyoni. Reli hiyo ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, imezoea kupitisha hapo mazao, mifugo na abiria. Hata hivyo, katika karne iliyopita imeshuhudia pia vita vikubwa viwili vilivyomtaka mwananchi wa kawaida atoe mali yake ili askari apate kula, kuvaa na kusafiri.

Tofauti iliyopo kati ya vita hivyo viwili ndiyo inayoeleza vema maana ya mchango wa hiari kwa jeshi, namna unavyofanya kazi na mahali unapoishia.

Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kilimatinde, kituo cha utawala wa Kijerumani kilichokuwa juu ya ukingo huohuo, kilitwaliwa na majeshi ya Uingereza mwishoni mwa Julai 1916. Kabla na baada ya hapo, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na ng'ombe wa Wagogo na kuwakamata vijana wao wawe wapagazi. Mvua ilipokosekana, maghala yalikuwa matupu na mikono ya kulima ilikuwa haipo. Njaa iliyofuata kati ya mwaka 1917 na 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliua maelfu ya watu.

Huo haukuwa mchango. Hakuna aliyeombwa, wala hakuna aliyehesabu mwenye mali amebakiwa na nini.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, yakaua raia na kupora mifugo. Novemba 2, Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa kuwa Tanzania ina sababu, nia na uwezo wa kumpiga mvamizi. Katika muda wa wiki chache jeshi lililokuwa na askari wasiozidi 40,000 liliongezeka hadi kupita 150,000, wakiwamo mgambo wapatao 40,000, pamoja na watu wa Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa.

Jeshi lililokua kwa kasi kiasi hicho haliwezi kusubiri bajeti ya mwaka unaofuata. Ndipo wananchi walipotoa fedha, ng'ombe, mbuzi na nafaka, huku malori na mabasi yakichukuliwa kwa ajili ya kazi ya vita. Shehena na askari waliosafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hawakuwa na njia nyingine ya reli ila kupita Dodoma, Kintinku na Tabora. Kutoka Mwanza, meli za Ziwa Victoria ziliwavusha hadi upande wa Bukoba.

Swali la msingi ni namna mchango huo ulivyokusanywa. Tanzania ya wakati ule haikuwa na taasisi huru ya hisani ya kuwachangia askari. Kulikuwa na chama kimoja, CCM, kilichozaliwa Februari 5, 1977, na mabalozi wake wa nyumba kumi kumi. Aidha, chini ya Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, serikali ya kijiji ilikuwa na kamati yake ya ulinzi na usalama. Mgambo nao walikuwapo vijijini tangu Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotamka kuwa ulinzi wa taifa ni kazi ya umma wote.

Mfumo huo ulikuwa na faida moja kubwa: uliifikia kila kaya kwa haraka. Ulikuwa pia na udhaifu wake. Mtu anapoombwa ng'ombe na kiongozi yuleyule anayemwandikia barua ya kumtambulisha, mpaka kati ya hiari na amri huwa mwembamba. Wengi walitoa kwa moyo, kwa kuwa nchi ilikuwa imevamiwa kweli. Lakini uzalendo wa mtoaji hauondoi haki yake ya kujua alichotoa kimefika wapi.

Nchi nyingine zimejibu hoja hiyo kwa kuunda vyama vya kujitolea vilivyo nje ya serikali. Nchini Uingereza, chama cha SSAFA kilianzishwa mwaka 1885 ili kusaidia familia za askari. Nchini Ukraine, taasisi ya Come Back Alive iliyoanza mwaka 2014 hukusanya fedha za wananchi na kununua vifaa kwa ajili ya wapiganaji, kisha huweka hadharani taarifa za mapato na matumizi yake. Imani ya wachangiaji hujengwa na taarifa hizo kuliko hotuba.

Je, chama cha namna hiyo kingeweza kufanya kazi hapa nchini? Ibara ya 147 ya Katiba inapiga marufuku mtu, shirika au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi. Sheria pia zinamkataza raia kumiliki au kuvaa sare za jeshi. Kwa hiyo, kununua silaha na sare si kazi ya wachangiaji. Panapobaki pa hisani ni chakula, blanketi, dawa, matibabu ya majeruhi na matunzo ya familia, tena kwa utaratibu unaokubaliwa na jeshi lenyewe. Mfuko wa aina hiyo unahitaji usajili, daftari linalokaguliwa na stakabadhi kwa kila anayetoa, hata kama ametoa debe moja la mtama.

Ni vema pia kutambua ukomo wa michango. Vita vya Kagera vinakadiriwa kuigharimu Tanzania takriban dola za Marekani milioni 500. Mafuta, risasi na vipuri vya magari haviwezi kulipwa kwa ng'ombe wa vijijini. Baada ya Kampala kutekwa Aprili 11, 1979, Mwalimu aliwataka wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita na uchumi haukuwa umepona. Mwananchi, kwa maana hiyo, alichangia mara mbili: kwanza kwa mkono wake, kisha kwa ugumu wa maisha.

Mahali ambapo mchango wa hiari una nguvu kuliko popote ni baada ya vita, wakati ari ya taifa imekwisha kupoa. Askari wa kudumu ana utaratibu wa mafao. Mgambo aliyeacha jembe lake akaenda Uganda alirudi kwenye jembe hilohilo, wengine wakiwa na vilema, na suala la mafao ya waliopigana limewahi kuulizwa bungeni. Hali hiyo si ya zamani tu. Desemba 7, 2017, askari wasiopungua 14 wa Tanzania waliokuwa wakilinda amani mashariki mwa Kongo waliuawa katika shambulio moja, na kila mmoja wao aliacha nyumba iliyokuwa ikimtegemea.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na mwenyekiti wa Tanzania Legion, chama cha askari wastaafu, huweka shoka. Ni heshima inayostahili. Lakini mjane wa Kintinku, Manyoni au Bukoba hupimiwa kwa mambo madogo zaidi: ada ya shule, dawa na paa lisilovuja. Ng'ombe hutolewa siku moja mbele ya umati. Matunzo ya aliyebaki ni kazi ya miaka mingi isiyo na umati, na hiyo ndiyo inayohitaji chama chenye daftari safi.